Jinsi ya kuishi Nairobi pesa ikiwa kwa simu tu

Zamani ukiombwa pesa ulikuwa unajipapasa mifuko yote miwili, unasikitika kidogo, unasema "aki leo sina kitu, ningekupatia". Mtu anaona mfuko mtupu anaenda zake. Siku hizi jaribu uone. M-Pesa ilipoanza 2007 tulidhani ni ya kutumia watu wa nyumbani pesa, kumbe imekuja kutunyang'anya visingizio. "Sina chenji" ikafa. "Nimesahau waleti" ikafa. Ikabaki "simu haina kitu", 2019 ikaja Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaokuwezesha kutuma hata salio likiwa limeisha, sasa mtu anakukazia macho anakuambia "si ufulize". Kwa hivyo kama umehamia huku juzi na bado unaficha noti kwa soksi, soma polepole.

Tuanze na matatu, hapo ndipo watu huaibika. Usingoje kushuka ndio uulize namba ya simu ya kulipia nauli. Ukipanda zile matatu namba 125 za kwenda Rongai muziki unakutetemesha mpaka meno, konda anataja namba mara moja tu, mbio kama dalali wa mnada, wewe hujui umesikia saba ama tisa, na unaandika na kidole gumba kimoja kwa sababu ule mkono mwingine umeshika chuma. Uliza namba gari ikiwa bado steji inajaza. Iandike, msomee tena, halafu tulia, utume wakati anaitisha nauli, kwa sababu ukituma mapema atakuwa ameshasahau sura yako. Na meseji usifute! Mimi nilifuta tukiwa Wilson eti napunguza meseji, kufika Bomas nimelipa mara ya pili, na abiria wote wananiangalia kama mwizi wa kuku.

Jambo lingine, konda hahakikishi pesa kimya kimya, anasoma jina kwa sauti. Majina yako ya kitambulisho, hata lile la ubatizo umelificha tangu shule ya msingi. Itika tu.

Nauli ikiwa 100 kushuka chini, kutuma hukatwi kitu. Ikipita hapo mpaka 500 unakatwa 7. Konda akikuambia "weka na ya kutoa", yaani uongeze ile atakatwa akitoa pesa kwa ajenti, jifanye hujasikia, muziki si uko juu. Lakini kwa shosho, nyanya yako, usithubutu hiyo tabia. Kutoa 500 kwa ajenti ni 29, kwa hivyo ukimtumia shosho 500 kavu umemtumia 471, na hatakuambia chochote, ataambia shangazi yako, na shangazi ndiye atakupigia.

Kabla ya kutuma pia uliza kistaarabu kama huyo mtu ana deni la Fuliza, kwa sababu pesa ikiingia deni linajilipa kwanza. Umetuma nauli mtu aje, anakupigia bado ako kwao: "imemezwa". Sasa utume nyingine. Mtu akikuambia "tuma kwa namba ya dadangu" usianze kushuku mambo mabaya, ni Fuliza anakimbia.

Ukikosea namba, hiyo meseji ya M-Pesa ifowadi kwa 456 hapo hapo, usianze kwanza kulia, maana mwenzako akiwahi kutoa ama kutumia, kuipata ni shida. Mimi nilitumia fundi wa sinki 1,500, mwisho nikaweka 4 badala ya 7, jina likatokea nikaliona kabisa na nikabonyeza tu, sijui nilikuwa nafikiria nini. Dakika mbili baadaye mama mmoja ananipigia ananiombea baraka, anasema alikuwa amefunga siku tatu akiomba Mungu amfungulie mlango. Sasa wewe utasemaje? Alirudisha 1,000. Mia tano nikahesabu ni sadaka. Lakini asiyekujua akikupigia analia eti amekutumia pesa kimakosa umrudishie, angalia salio kwanza, usiamini meseji. Wengine hukuandikia hiyo meseji wenyewe, na namba yao iko hapo juu inakuangalia.

Sasa tokeni za stima, zile namba unanunua kwa simu ndio ubonyeze kwa mita stima irudi, hapa nataka tukae kidogo. Stima haiishi mchana. Inaisha saa tano usiku, ugali uko nusu kwa koili na simu yako iko asilimia 4. Hiyo simu ndiyo ya kununua tokeni, ndiyo yenye meseji ya tokeni, na ndiyo tochi. Tarakimu ni 20. Huwezi kusoma meseji na kumulika kidude cha kubonyezea namba za mita kwa wakati mmoja bila kujiongezea mkono wa tatu, kwa hivyo fanya hivi: meseji ikiingia tu, chukua biro uandike hizo namba zote kwa karatasi, ama kwa mkono wako kama karatasi imepotea, nne nne, ndio uwashe tochi. Ukibonyeza, bonyeza nne, pumua, nne, pumua. Usiongee na mtu. Mtoto akiuliza kitu mwambie baadaye. Na kile kidude kina betri zake, zikiwa zimekufa ndio utajua kwa nini rimoti ya tivi haifai kutupwa hata kama tivi iliibwa. Bora zaidi nunua tokeni ukiona yuniti zimefika kumi, mimi husema hivyo kila mwezi.

Mwisho ni grupu za michango. Harusi, matanga, hospitali, zote ni WhatsApp na orodha, jina lako limeshawekwa namba 14 na mbele yake kistari. Hapo usisubiri mwisho wa mwezi. Wahi mapema na kitu kidogo, wakati wa mbele wako bado wanaandika 200, 300, kwa sababu kuna binamu wa ng'ambo bado amelala, na akiamka ataandika 20,000, na kuanzia hapo 500 yako itaonekana kama nauli. Mimi juzi nilichelewa. Nikaandika "natuma jioni", mjomba akajibu mbele ya watu 86: "Si ufulize."