Umeshikwa na bangi Nairobi kwa mara ya kwanza? Fuata hatua hizi kabla ya kujibu shtaka

Wateja wangu wengi hunitafuta wakiwa wameshakubali makosa. Walitolewa selo asubuhi, wakapelekwa mahakama ya Makadara au Kibera, shtaka likasomwa, wakasema "ni kweli" ili wawahi kazini. Faini ikalipwa. Baadaye wanaomba kazi au viza, wanakuta hatia iko kwenye rekodi. Ndiyo maana mwongozo huu umeelemea zile saa chache kabla ya kujibu shtaka.

Hatua ya 1: Kituoni, sema machache

Toa jina lako sahihi, kisha omba kuzungumza na wakili. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inakupa haki ya kunyamaza na ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa. Usitie sahihi karatasi ambayo hujaisoma. Watu wa nyumbani wakifika, wao ndio waulize polisi namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na jina la afisa anayechunguza.

Lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini ukishikwa Ijumaa jioni huenda ukamwona hakimu Jumatatu, kwa kuwa saa zikiishia nje ya muda wa mahakama, husubiriwa siku ya mahakama inayofuata. Omba dhamana ya polisi, tena udai risiti, maana pesa hizo hurudishwa. Ukiambiwa "ongea vizuri tumalize", fanya hesabu: chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, kutoa hongo kunaweza kukufunga hadi miaka 10. Hiyo inapita adhabu ya bangi uliyokuwa ukivuta mwenyewe.

Hatua ya 2: Soma hati ya mashtaka, hasa namba ya kifungu

Sheria ya dawa za kulevya ni ya 1994, ikarekebishwa 2022. Kifungu cha 3 ni kupatikana na dawa. Cha 4 ni ulanguzi, na maana yake kisheria ni pana: hata kusafirisha au kuhifadhi kumo. Nimeona misokoto michache ikiandikwa ulanguzi, kwa hiyo usichukulie kwamba aliyeandika hati alipima jambo.

Kwa bangi ya matumizi yako, adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Lakini ni juu yako kuiridhisha mahakama kuwa ilikuwa yako ya kuvuta tu. Heroini na kokeini ni habari nyingine kabisa. Huko faini huanzia kwenye mamilioni. Usiende bila wakili.

Hatua ya 3: Kukana si ukaidi

Kujibu "si kweli" hakumkasirishi hakimu. Kunakupa nafasi ya kuomba dhamana, kupata nakala za maelezo ya mashahidi na kuona ripoti ya Mkemia wa Serikali, ambayo ndiyo inayothibitisha kwamba majani yale ni bangi kweli. Ukikana leo unaweza kukubali mwezi ujao. Kinyume chake ni kigumu: kabla ya hukumu kutolewa unaweza kuomba kubadilisha jibu, baada ya hapo unabaki na rufaa tu.

Ukiamua kukubali, sikiliza kwa makini maelezo yanayosomwa. Kama uzito au mahali si sahihi, sema hapo hapo.

Hatua ya 4: Omba njia nyingine mapema

Kabla ya kesi kusikizwa, wakili wako aandikie Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Tangu 2019 ina sera ya kuondoa kesi ndogo mahakamani kwa masharti, na ukiyatimiza, huwekewi hatia. Mnaweza pia kujadiliana shtaka lishushwe kutoka kifungu cha 4 hadi cha 3.

Ukipatikana na hatia, omba ripoti ya afisa wa probesheni (uangalizi badala ya jela) kabla ya adhabu. Kutoka hapo hakimu anaweza kukupa probesheni ya miezi 6 hadi miaka 3, utumishi wa jamii, au kukuachilia chini ya kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu, bila masharti au kwa masharti yasiyozidi miezi 12. Afisa huyo atawapigia simu watu wa nyumbani na pengine chifu. Mwambie mama mwenyewe kabla hajaambiwa na mgeni.

Kama uraibu ndio shida, anza matibabu sasa na uje na barua ya kliniki. Hospitali ya Mathari hutoa methadoni kwa waraibu wa heroini.

Aliye chini ya miaka 18 hufuata Sheria ya Watoto ya 2022, si utaratibu huu.

Hatua ya 5: Baada ya uamuzi

Rufaa hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya siku 14. Usiyemudu wakili, ulizia huduma ya taifa ya msaada wa kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016.

Ukiachiliwa, chukua nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na mahakama, uipeleke DCI (idara ya upelelezi wa jinai) rekodi isahihishwe, kisha ndipo uombe cheti cha maadili mema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.