Namna ya Kuandikisha Uhamisho wa Umiliki wa Hataza kwa Msajili

Anayenunua hataza, yaani haki ya pekee ya kisheria juu ya uvumbuzi (patent), mara nyingi hudhani kwamba kazi imekwisha pale muuzaji anapotia saini na fedha kuingia katika akaunti yake. Baina ya wawili hao huenda imekwisha kweli. Kwa watu wengine wote, hata hivyo, mmiliki ni yule ambaye jina lake limo katika daftari la Msajili wa Hataza, aliye chini ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, na uhamisho ambao haujaandikishwa humo hauna nguvu dhidi ya mtu wa tatu. Tuseme fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, ana hataza ya mashine ya kubangua korosho, na ameiuza kwa kampuni ya Mikocheni ambayo imeifungia hati kabatini. Karakana nyingine ikianza kutengeneza mashine hiyo hiyo, kampuni hiyo itapata taabu kusimama mahakamani kama mmiliki, kwa kuwa daftari bado linamtaja fundi. Na fundi huyo akikosa uaminifu akaiuza mara ya pili kwa mtu anayewahi kuandikisha, mgogoro utakaofuata utakuwa mrefu na wa gharama.

Ni vyema kufahamu tangu mwanzo kwamba Msajili hahamishi mali ya mtu. Kinachohamisha ni hati iliyotiwa saini na pande zote mbili, na Msajili anaandika tu kile ambacho hati hiyo imekwisha kufanya. Kwa sababu hiyo jicho lake huangalia zaidi kama majina yanafuatana bila pengo, kuanzia mvumbuzi, kupitia mwombaji na mmiliki wa sasa, hadi mpokeaji. Maombi mengi yanayorudishwa kwa marekebisho hukwama katika mfuatano huo, wala si katika fomu yenyewe.

Upekuzi kabla ya hati

Kabla hamjaandika lolote, ombeni upekuzi rasmi wa daftari kwa kutumia namba ya hataza. Jambo la kwanza la kuangalia ni jina la mmiliki, herufi kwa herufi. Hapa kwetu mtu anaweza kuwa aliomba hataza kwa majina mawili, kitambulisho chake cha NIDA kikawa na matatu, na saini yake benki ikawa na ubini wa babu. Tofauti ya namna hiyo huonekana ndogo kwa wenyewe, lakini kwa ofisa anayesoma karatasi bila kumjua mtu, hao ni watu wawili tofauti mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa kawaida hati ya kiapo mbele ya wakili ambaye pia ni kamishna wa viapo, ikieleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, hutosha; ikiwa mtu amebadilisha jina kabisa, au kampuni imebadilisha jina lake, mabadiliko hayo yaandikishwe kwanza kwa ombi lake lenyewe, kwa kuwa kubadilisha jina si kuhamisha umiliki, na kuyachanganya mambo hayo mawili katika ombi moja ni kujitafutia kurudishwa.

Jambo la pili ni uhai wa hataza. Kwa sheria ya Tanzania Bara, hataza hudumu miaka 10 tangu ombi lilipowasilishwa, na inaweza kuongezwa muda kwa masharti. Haidumu miaka 20 moja kwa moja kama wengi wanavyodhani kwa kusoma habari za nchi nyingine. Juu ya hayo kuna ada ya kila mwaka. Mkataba wa Paris, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unazitaka nchi zimpe mmiliki aliyechelewa kulipa ada hiyo muda wa neema, yaani muda wa ziada wa kulipa, usiopungua miezi 6, mara nyingi kwa nyongeza ya malipo. Muda huo ukipita, kinachouzwa huenda ni karatasi tupu. Kama kuna deni la ada, lilipwe kabla ya saini, na mkataba wa mauziano useme wazi ni nani aliyelilipa.

Angalieni pia kama daftari limeandikwa leseni yoyote, yaani ruhusa ya mtu mwingine kuutumia uvumbuzi huo. Kampuni iliyopewa leseni kihalali na kuandikishwa haiondoki kwa sababu mmiliki amebadilika, na mnunuzi asiyeliona hilo mapema atajikuta amenunua nyumba yenye mpangaji.

Hati ya uhamisho

Hapa ndipo penye kazi, na ningeshauri muda mwingi utumike hapa kuliko mahali pengine popote. Hati iwe ya maandishi, ianze kwa kuwataja mtoaji na mpokeaji kwa majina kamili, anwani na S.L.P., na kama ni kampuni, kwa namba yake ya usajili. Ieleze hataza kwa namba, kwa jina la uvumbuzi kama lilivyo katika daftari, na kwa tarehe ya kuwasilishwa kwa ombi. Kuandika tu “hataza ya mashine yangu” hakumsaidii mtu yeyote, hata kama mtoaji ana hataza moja tu duniani.

Maneno ya kuhamisha yawe ya kutenda sasa. Hati inayosema kwamba mtoaji “anakubali kwamba atahamisha” ni ahadi, na Msajili ana haki ya kuuliza ahadi hiyo ilitimizwa lini na kwa hati ipi. Inayosema kwamba mtoaji “kwa hati hii anahamisha haki, hadhi na maslahi yake yote” imekwisha kutimiza jambo lenyewe. Mnunuzi makini huongeza mambo mengine mawili: haki ya kudai fidia kwa uigaji uliofanyika kabla ya tarehe ya uhamisho, ambayo bila kutajwa yaweza kuzua ubishi kwamba ilibaki kwa muuzaji, na wajibu wa mtoaji kutia saini karatasi yoyote itakayohitajika baadaye. Kifungu hiki cha pili huonekana cha kawaida mno, mpaka siku ofisi inapotaka saini nyingine na mtoaji amekwisha kuhamia Mwanza na kubadilisha laini ya simu.

Hataza ikiwa ya watu wawili au zaidi, kila mmoja anaweza kutoa fungu lake tu, na hati ya mtu mmoja haiwezi kubeba fungu la mwenzake hata wakiwa ndugu wa tumbo moja. Hati ya kampuni itiwe saini na wale wanaoruhusiwa na katiba ya kampuni, pamoja na muhuri wake pale unapotakiwa, na iambatane na azimio la bodi ya wakurugenzi. Kwa kila upande saini ishuhudiwe na wakili, tarehe iandikwe siku ile ile ya kusaini, na kurasa zote zitiwe herufi za kwanza za majina. Pande nyingi hupenda kuwa na hati fupi ya kuandikishwa, na kuacha bei na masharti ya biashara katika mkataba wa mauziano ambao hauwasilishwi kwa Msajili. Utaratibu huo ni halali na una busara, mradi usigeuzwe kuwa njia ya kuificha bei kwa mamlaka ya kodi.

Ushuru wa stempu

Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, inatoa siku 30 tangu hati kutiwa saini, na kwa hati iliyotiwa saini nje ya nchi, siku 30 tangu ilipofika Tanzania. Hati ipelekwe Mamlaka ya Mapato Tanzania ikadiriwe, ilipiwe na kuthibitishwa kabla ya kufika kwa Msajili. Hati inayostahili ushuru huu na haujalipwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi, maana yake ni kwamba mnunuzi aliyeruka hatua hii hujinyima silaha siku atakapoihitaji. Muuzaji naye aulizie mapema kodi ya mapato juu ya fedha alizolipwa, jambo ambalo Msajili hatamkumbusha.

Kuwasilisha

Chukueni fomu ya sasa na jedwali la ada kutoka BRELA wenyewe. Nakala zinazozunguka katika steshenari za mjini huenda ni za zamani. Pamoja na fomu iliyojazwa, andaeni hati ya uhamisho iliyolipiwa ushuru, nakala ya cheti cha hataza, vitambulisho vya pande zote au vyeti vya usajili wa kampuni, azimio la bodi, viapo vya majina vinapohitajika, na hati ya uwakilishi ikiwa anayewasilisha ni wakili au wakala. Mmiliki anayeishi nje ya nchi anahitaji wakala aliyeko Tanzania. Hati iliyoandikwa kwa lugha nyingine isiyo Kiswahili wala Kiingereza iambatane na tafsiri iliyothibitishwa. Ada hulipwa benki au kwa simu kwa kutumia namba ya malipo ya serikali, ile ambayo kila mtu huiita kontrol namba. Hifadhini stakabadhi, na nakala halisi za hati zisitoke mikononi mwenu bila kuandikiwa kwamba zimepokelewa.

Ombi likirudishwa, jibuni hoja ile ile iliyoulizwa na kwa maandishi. Kubadilisha hati iliyokwisha kusainiwa kwa kufuta na kuandika juu yake ni kosa kubwa. Palipo na dosari, pande zote zisaini hati ya marekebisho.

Pale mfuatano unapokuwa na pengo

Mmiliki aliyefariki hawezi kurukwa. Warithi hawasaini kama warithi tu: mahakama humteua msimamizi wa mirathi, ambaye katika Mahakama ya Mwanzo huthibitishwa kwa Fomu Namba 4, naye ndiye anayesaini uhamisho kwenda kwa mrithi au mnunuzi. Mvumbuzi aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda au mtafiti wa chuo kikuu naye aulizwe mkataba wake wa kazi unasemaje, kwa sababu uvumbuzi uliofanywa katika kazi aliyoajiriwa kuifanya huwa kwa kawaida ni wa mwajiri, na asiye na mali hana cha kuhamisha.

Angalieni vilevile hataza ilipatikana kwa njia ipi. Iliyotolewa na ARIPO, shirika la kanda ya Afrika la miliki bunifu, kwa Itifaki ya Harare, yaani makubaliano ya nchi wanachama juu ya hataza, ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1999, ina daftari lake Harare, na ombi huanzia huko. Ombi la kimataifa chini ya PCT, yaani Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambalo bado halijaingia nchini hubadilishiwa jina la mwombaji na Ofisi ya Kimataifa ya WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu, mjini Geneva, kabla miezi 30 haijapita tangu tarehe ya kipaumbele, yaani siku ombi la kwanza la uvumbuzi huo lilipowasilishwa. Zanzibar ina sheria yake na msajili wake, hivyo uhamisho ulioandikwa Bara hauvuki bahari kwenda Unguja wala Pemba.

Mkishapokea uthibitisho wa kuandikishwa, usomeni wote kabla ya kuondoka: jina, namba, tarehe, anwani ya mawasiliano. Kosa la uchapaji ni rahisi kurekebishwa wiki hiyo hiyo. Kisha mmiliki mpya aandike katika kalenda yake siku ya ada ya mwaka, inayohesabiwa kutoka tarehe ombi la hataza lilipowasilishwa na mmiliki wa kwanza, si kutoka siku aliyonunua.