Kampuni mnaotaka wazazi wawatangazie bidhaa, njooni hivi

Mi naandika mambo ya malezi hapa Mwanga, Kigoma, na meseji za makampuni nazipata sana tu. Nyingi zinaanza "Habari mpendwa" halafu wanataka nitangaze pampasi bure eti "utajulikana". Kujulikana hakununui bando jamani!

Kwanza soma anachoandika huyo mzazi, muite jina analotumia, Mama au Baba fulani, salimia vizuri. Halafu taja hela mapema, unalipa shingapi, lini, kwa posti ngapi, maana kumzungusha mtu wiki mbili ndo umwambie "tutakupa sampo ya bidhaa" ni dharau. Na sampo ikija na basi lipia wewe mzigo, mi nshatoa hela yangu stendi kuchukua kopo moja la losheni, tena limepasuka limelowesha boksi zima.

Pampasi ikivuja mwache mzazi aseme inavuja. Picha za mtoto usilazimishe. Maziwa ya kopo ya vichanga ndo msituletee kabisa, kanuni za WHO, Shirika la Afya Duniani, za 1981 zinakataza kuyatangaza, na chini ya miezi 6 mtoto ni ziwa la mama tu. Mzazi akikataa mshukuru, usimpigie tena saa nne usiku.