Kabla Hujapaka Rangi Kalipa za Gari Lako Nyumbani

Kabla hujatoa hela ya rangi, chuchumaa pembeni ya gurudumu la mbele, washa tochi ya simu, mulika kati ya mikono ya rimu na uangalie unachotaka kukipaka: kalipa, ile sehemu ya breki inayobana pedi kwenye diski inayozunguka na gurudumu unapokanyaga breki. Kama gari lako lina ringi za chuma zilizofunikwa na wilikapu, rangi yote itajificha humo ndani na hakuna atakayeiona. Kisha zunguka nyuma. Toyota IST nyingi, kwa mfano, zina diski mbele tu. Nyuma kuna dramu, na dramu haina kalipa. Watu hununua rangi nyekundu ya magurudumu manne, wakifungua ya nyuma wanakuta bakuli la chuma lenye kutu. Dramu nayo hupakwa kwa nje, na mimi naona nyeusi huipendeza kuliko nyekundu, lakini bora uamue hilo mapema kuliko kuliamua mikono ikiwa imeshalowa rangi.

Jambo la pili ndilo ninalolipa uzito kuliko yote: hakikisha kalipa ni nzima. Kalipa ikichoka hutoa dalili kwa nje. Unyevu kuzunguka raba ya pistoni, kile chuma kinachosukuma pedi, au kwenye maungio ya mpira wa breki ni mafuta ya breki yanayovuja. Kiwango cha mafuta kwenye kichupa chake kikishuka haraka, uliza kwa nini. Ukitoka safari, karibia kila gurudumu bila kuligusa: moja likiwa linatoa joto kali kuliko mwenzake wa upande wa pili, huenda pistoni au pini imenasa. Gari kuvuta upande mmoja unapofunga breki ni dalili nyingine. Niliwahi kupeleka gari kwa fundi wangu nikiwa na kopo la rangi mkononi, akapitisha kidole chini ya raba ya kalipa ya kushoto, akanionyesha kidole kinateleza. “Kaka,” akaniambia, “hii si ya kupakwa, hii ni ya kufunguliwa.” Ningekuwa nimeipaka siku hiyo, ule unyevu ningeufunika kwa mikono yangu mwenyewe.

Ukiwa hapo angalia na unene wa pedi. Nyama yake ikibaki kama milimita 3, badilisha kwanza, kwa sababu kubadilisha baada ya kupaka ni kukwaruza rangi mpya kwa spana.

Sasa rangi yenyewe. Breki hufanya kazi moja: kugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Diski hupata joto kali zaidi, lakini sehemu ya joto hilo hupita kwenye pedi hadi kwenye kalipa. Mara ya kwanza nilitumia rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya kupaka mageti, ikang'aa vizuri sana kwa mizunguko ya mjini. Nikaenda Iringa. Kurudi, kwenye mteremko wa Kitonga, nikashuka nikikanyaga breki nyuma ya lori. Nilipofika chini ile nyekundu ilikuwa imegeuka kahawia, imevimba malengelenge, na wiki mbili baadaye ilidondoka kama magamba ya samaki. Nunua rangi iliyoandikwa kwamba ni ya kalipa za breki na inayotaja kiwango cha joto inachohimili. Ya injini inaweza kuvumilia joto, lakini ya kalipa inatakiwa ihimili pia mafuta ya breki, na mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hula rangi ya kawaida ikalainika na kuvuka.

Zipo za kopo la kupuliza na za brashi zinazochanganywa na hadina. Kwa kazi ya nyumbani nachagua brashi bila kusita. Hairuki kwenye bodi ya gari, huhitaji kuziba nusu ya gari kwa magazeti, na hujaza vizuri vishimo vya chuma cha kalipa. Ila hadina ikishaingia hakuna kurudi nyuma: mchanganyiko utaganda ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, utake usitake. Kwa hiyo kopo lifunguliwe mwishoni kabisa, magurudumu yakiwa yameshatoka na kila kitu kimesafishwa.

Tafuta uwanja mgumu na ulio sawa. Kwetu kwenye nyua za mchanga jeki huzama taratibu. Unaiona imesimama sawa, ukigeuka kuchukua msasa imeshalala upande. Kama huna sakafu, weka ubao mnene chini ya jeki, na hata hapo usiiamini. Gari likae juu ya stendi za chuma, upande kwa upande, zikiwekwa pale mtengenezaji alipoweka alama chini ya bodi. Legeza nati kabla ya kuinua, tairi likiwa bado chini. Ukiinua mbele, piga handbreki na ukinge magurudumu ya nyuma kwa mawe. Ukiinua nyuma, kumbuka handbreki ya magari mengi hushika magurudumu hayohayo yaliyo hewani, kwa hiyo kinga ya mbele ndiyo itakayolizuia gari.

Vumbi jeusi utakalolikuta usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, inayosababisha saratani ya mapafu, na pedi ya bei ya kutupa isiyojulikana ilikotoka huwezi kuitolea ushahidi. Vaa barakoa, lowesha vumbi kwa spirei ya kusafishia breki, lifute kwa kitambaa, kisha kitambaa ukitupe. Watoto wakae mbali. Wengine husafisha kwa petroli au mafuta ya taa. Petroli hushika moto kwa cheche ndogo, mafuta ya taa huacha utando, na juu ya utando rangi haishiki. Andaa makopo mawili ya spirei, maana moja huisha upande wa kwanza tu, pamoja na brashi ya waya na msasa. Brashi ya waya isiguse raba.

Kuna sehemu zisizotakiwa kupata hata tone, ziweke tepu ya karatasi kabla: uso wa diski, pedi, raba ya pistoni, mpira wa breki, na “nipo”, ile chuchu ndogo ya kutolea upepo kwenye breki, ambayo ikizibwa na rangi siku ya kutoa upepo itakatikia humo. Pini zinazoiwezesha kalipa kuteleza nazo uziache. Zikigandishwa na rangi pedi haziachii diski, na gari linatembea likiwa limejifunga breki nusu. Wengi husahau uso wa habu, pale rimu inapokaa. Rangi ikibaki hapo katikati, ikishabanwa na kupata joto husinyaa, na nati ulizokaza zinalegea.

Mimi sifungui mpira wa breki kwa ajili ya rangi. Nikitaka kupaka nyuma ya kalipa naitoa kwenye bolti zake na kuining'iniza kwa waya, isibebwe na mpira wake, na namwambia kila aliyepo nyumbani asikanyage pedeli, kwa sababu pistoni itatoka nje.

Hali ya hewa nayo ina sauti yake. Ukiwa Dar au Tanga, asubuhi chuma huwa na umande usiouona kwa macho. Subiri hadi saa nne hivi kikauke, ukapake kivulini. Masika ahirisha. Tenga siku nzima na usiku wake, koti mbili au tatu zikauke kama kopo linavyoelekeza. Usianze Jumapili jioni ilhali Jumatatu alfajiri unampeleka mtoto shule.

Nati zirudishe kwa mkono kwanza, ukaze kwa kuruka kama unachora nyota, na umalizie gari likiwa chini. Toyota ndogo nyingi hutaka nati zikazwe kwa nguvu ya nyutoni-mita 103; la kwako angalia kitabu chake. Kabla ya kuondoka kanyaga pedeli mara kadhaa hadi iwe ngumu, maana pedi zilizosogezwa huifanya ya kwanza izame hadi chini. Jaribu breki taratibu hapo uani, na ukitembea kilomita 50 hadi 100 kaza nati tena. Harufu kidogo ya rangi siku ya kwanza ni ya kawaida. Moshi kutoka gurudumu moja si wa kawaida: simama pembeni, acha lipoe, umwite fundi.