Kasi ya kuungua kwa mkaa wa briketi: jinsi ya kuitawala kuanzia kwenye chenga hadi jikoni

Briketi ni madonge yanayobanwa kutokana na chenga, yaani vipande vidogo na vumbi la mkaa. Chenga zilezile zinaweza kutoa mkaa unaowaka kwa fujo na kuisha upesi, mkaa unaokaa saa tatu kwa joto la wastani, au donge linalozimika likiwa bado jeusi katikati. Tofauti hiyo huletwa na namna chenga zilivyochomwa, zilivyosagwa, zilivyochanganywa na gundi, zilivyobanwa na zilivyokaushwa.

Kabla ya yote, elewa kinachotokea jikoni. Mkaa ulioiva hauwaki kama kuni. Kuni hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoonekana kama ndimi za moto. Mkaa huungua pale tu oksijeni inapogusa kaboni: juu ya ngozi yake na ndani ya vinyweleo (vitundu vidogo sana) vilivyo wazi. Kila utakachofanya katika hatua zinazofuata kinabadilisha moja kati ya mambo matatu: gesi kiasi gani imebaki ndani ya mkaa, hewa inaingia kwa urahisi gani, na majivu yanaziba njia kiasi gani.

Vifaa

Mizani inayosoma gramu 1, ndoo mbili, chekeche ya milimita 3 na nyingine ya milimita 1, sufuria ya kupikia uji wa gundi, kipande cha bomba chenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5, mchi wa mbao unaoteleza ndani ya bomba hilo bila kukwama, saa, na jiko moja la mkaa ambalo hutalibadilisha hadi mwisho wa majaribio. Vaa barakoa. Vumbi la mkaa si la kuvuta, na likitimka kwa wingi karibu na moto linaweza kulipuka, kwa hiyo saga mbali na moto wowote.

Hatua ya 1: Kagua chenga, au choma zako

Mkaa uliochomwa kwa nyuzi 300 hivi za selsiasi hubaki na takriban theluthi ya uzito wake kama gesi zinazoweza kuwaka. Ukifikishwa nyuzi 500, gesi hizo hushuka hadi karibu asilimia 13 na kaboni hupanda hadi asilimia 86 hivi. Wa kwanza hushika moto haraka, huwaka kwa ndimi na moshi, kisha hushuka ghafla. Wa pili ni mgumu kuwasha lakini ukishashika hukaa.

Ukichoma kwenye pipa, usome moshi. Mweupe na mzito ni maji yanayotoka. Ukigeuka wa manjano unaowasha macho, lami zinatoka. Ukiwa mwembamba wenye rangi ya bluu, kazi imekaribia kuisha: ziba hewa zote kwa udongo na uache pipa lipoe kabisa. Anayefungua pipa la uvuguvugu hukuta mkaa unawaka tena mbele ya macho yake.

Kama umenunua chenga, zipime hivi. Chukua kopo dogo la bati lenye mfuniko, toboa tundu moja la msumari juu yake, tia gramu 50 za chenga kavu, kisha liweke juu ya makaa yaliyokolea. Mvuke kidogo utatoka kwanza. Baada yake, pitisha kiberiti juu ya tundu. Kama ulimi wa moto unasimama hapo kwa dakika nyingi, mkaa haukuiva. Kama unawaka kidogo na kufa, umeiva. Ishara nyingine iko mikononi: vumbi la mkaa ulioiva hutoka kwa maji matupu, la mkaa mbichi hung'ang'ania hadi sabuni.

Sasa mchanga. Chenga za kufagia sakafuni huja na udongo mwingi kuliko jicho linavyoonyesha. Choma gramu 100 kwenye sahani ya bati hadi zibaki majivu matupu, kisha pima. Zikibaki gramu 5 au 8, una mali nzuri. Zikibaki 30, karibu theluthi ya unachouza au kupikia ni kitu kisichoungua, kingi kikiwa udongo, na hakuna gundi itakayoliponya hilo. Zimwage kwenye ndoo ya maji, koroga mara moja na ukusanye zinazoelea haraka kabla hazijalowa na kuzama, kisha zikaushe.

Mkaa uliotoka kwenye pipa leo usiufunge kwenye gunia leo. Utandaze peupe kwa tabaka jembamba saa 24. Mkaa mpya hunyonya oksijeni na kujipasha joto wenyewe, na lundo lililobanwa linaweza kushika moto usiku bila kiberiti.

Hatua ya 2: Saga na uchekeche

Nyunyizia chenga maji kidogo ili vumbi lisipae, twanga, kisha pitisha kwenye chekeche ya milimita 3. Zilizobaki juu zirudishe kwenye kinu. Zilizopita zipitishe kwenye chekeche ya milimita 1.

Kwa mchanganyiko wa msingi tumia sehemu mbili za unga laini (chini ya milimita 1) na sehemu moja ya punje (kati ya milimita 1 na 3). Unga hujaza nafasi baina ya punje, donge linashikana, hewa inapita kwa shida, kasi inashuka. Ukizidisha punje, donge linakuwa na mapengo, linawaka upesi na kingo zake zinabomoka. Ukitumia unga mtupu, donge linapendeza machoni, lakini linataka gundi zaidi, kwa kuwa kila chembe ndogo ina ngozi inayodai kupakwa.

Hatua ya 3: Gundi

Mkaa hauna utomvu wake wa kujishika kama vumbi la mbao linavyojishika kwenye mashine za joto kali, kwa hiyo gundi haiepukiki. Wanga ndiyo chaguo langu kwa sababu nao huungua. Kipimo cha msingi kwa kilo 5 za chenga kavu ni gramu 250 za unga wa muhogo, yaani asilimia 5.

Koroga unga kwenye nusu lita ya maji baridi hadi mabonge yaishe. Chemsha lita 2 za maji pembeni, mimina mchanganyiko humo huku ukikoroga, na upike hadi uji ugeuke kutoka weupe kuwa wa kung'aa na wa kuvutika. Uji usiogeuka haujawa gundi, ni maji yenye unga tu. Hapa ndipo madonge mengi ya mkaa yanapoharibika: mtu anatupa unga mkavu kwenye chenga, anaongeza maji baridi, halafu analaumu mashine ya kubana.

Mimina uji ukiwa bado moto juu ya chenga na kanda kwa dakika 10 hadi 15. Ongeza maji kikombe kwa kikombe. Kipimo ni ngumi: ukiminya, donge linabaki na alama za vidole na maji hayatiririki. Likichuruzika, ongeza chenga. Likipasuka ukifungua kiganja, ongeza maji.

Kiasi cha gundi kinaathiri kasi kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Kwa asilimia 3, donge hubomoka likiwa motoni, vipande vyake hupata hewa pande zote, na mkaa huisha upesi japo ulikuwa wa kuungua taratibu. Kwa asilimia 10, wanga huziba vinyweleo, moshi wa mwanzo huwa mwingi, na ukungu hupenda kuota wakati wa kukausha.

Udongo wa mfinyanzi ni breki. Hauungui kabisa, hukaa kati ya chembe na kupunguza hewa. Ukitaka mkaa wa joto dogo la muda mrefu, badilisha kilo 0.5 ya chenga kwa kilo 0.5 ya udongo laini uliochekechwa. Hiyo ni asilimia 10, na majivu yako yataongezeka kwa karibu kiasi hichohicho. Kuvuka asilimia 20 ni kumuuzia mtu tofali.

Hatua ya 4: Kubana na umbo

Hii ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote katika kutawala kasi. Jaza bomba, shindilia kwa mchi, sukuma donge litoke, likate urefu wa sentimita 5. Donge la kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 5 lina ujazo wa sentimita za ujazo 98. Likikauka, lipime: likiwa na gramu 59, uzito wake ni gramu 0.6 kwa kila sentimita ya ujazo. Likiwa na gramu 88, ni 0.9. La kwanza ni la kushindilia kwa mkono, la pili linataka mtambo wa nyenzo ndefu, jeki au mashine ya parafujo. Kwa umbo lilelile na gundi ileile, zito hukaa zaidi kwa sababu mbili: lina kaboni nyingi zaidi, na njia za hewa ndani yake ni nyembamba.

Usikimbilie kubana hadi mwisho. Donge zito mno huwashwa kwa taabu, na kwenye jiko lenye hewa kidogo hujivika majivu na kuzimika.

Tundu la katikati ndiyo dawa. Weka fimbo ya milimita 13 katikati ya bomba wakati wa kubana. Hesabu yake ni hii: donge lisilo na tundu lina eneo la sentimita za mraba 118 hivi. Lenye tundu lina 135 hivi, huku ujazo ukipungua kutoka 98 hadi takriban 91.5. Eneo kwa kila sentimita ya ujazo linapanda kwa karibu asilimia 23, na juu ya hapo tundu linavuta hewa kama bomba la moshi likisimamishwa wima. Linakupa uwashaji rahisi bila kulilegeza donge.

Ukubwa nao una kauli. Ukikuza donge mara mbili kwa kila upande, ngozi yake kwa kila gramu inapungua nusu. Kwa hiyo anayetaka moto mkali atengeneze vidogo, anayetaka moto wa kukaa atengeneze vikubwa, kabla hata hajagusa gundi.

Hatua ya 5: Kausha

Siku ya kwanza kivulini penye upepo, kisha jua kwa siku 3 hadi 4 ukigeuza. Ukianza na jua kali, ngozi hukauka na kusinyaa kabla ya kiini, nyufa zinatokea, na kila ufa ni mlango mpya wa hewa. Pima donge lilelile kila jioni. Likiacha kupungua kwa zaidi ya asilimia 1 kwa siku, limekauka.

Watu husema maji "hula joto". Hula kidogo tu: kukausha maji yaliyo asilimia 10 ya donge hugharimu karibu asilimia 1 tu ya nishati ya donge zima. Hasara kubwa ni kwamba sehemu hiyo ya kumi ya uzito si mkaa, na mvuke ulionaswa ndani hupasua donge kwa mlio jikoni.

Hatua ya 6: Pima kasi

Fanya nje. Mkaa unaoungua taratibu chini ya majivu hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua.

Weka tofali juu ya mizani, jiko juu ya tofali, kisha rudisha mizani kwenye sufuri. Tia gramu 500 za briketi, washa kwa kiasi kilekile cha kiwashio kila mara, na uache mlango wa hewa wazi kwa upana uleule. Hilo la mlango lisipuuzwe: kuufungua nusu zaidi kunaweza kufunika tofauti zote ulizotengeneza kwa siku tano. Anza kuandika uzito pale juu yote inapokuwa ya kijivu, kisha kila dakika 10.

Mfano: uzito ukishuka kutoka gramu 420 hadi 270 ndani ya dakika 30, kasi ni gramu 300 kwa saa. Kwa briketi yenye nishati ya megajuli 24 kwa kilo, hiyo ni kilowati 2. Uzito ukigoma kushuka, yaliyobaki ni majivu. Gramu 100 kati ya 500 ni asilimia 20.

Chora mstari wa uzito dhidi ya muda. Ukiporomoka mwanzoni kisha ukalala, mkaa una gesi nyingi: rudi hatua ya 1. Ukishuka vizuri halafu ukaanguka ghafla katikati, madonge yamebomoka: angalia gundi. Ukilala huku bado kuna uzito mkubwa, vunja donge moja. Kiini cheusi chenye ganda nene la majivu kina maana ya udongo mwingi au kubana kupita kiasi, na tundu la katikati ndilo la kujaribu kwanza. Badilisha kitu kimoja kwa kila kundi na urudie kila kipimo mara tatu, kwa sababu upepo wa jioni moja unatosha kukudanganya.