Jinsi ya kuagiza soda ukiwa ugenini

Mtu aliyekulia Dar es Salaam, Mombasa au Kampala huzoea kwamba neno "soda" linatosha kwa kila kinywaji cha gesi chenye sukari, iwe Coca-Cola, Mirinda au Stoney Tangawizi, na kwa sababu halijamwangusha hata siku moja, hulibeba safarini bila kulifikiria. Huko aendako linaweza kumletea kinywaji kingine kabisa. Njia ya kuliepuka hilo si kukariri orodha ya majina ya kila nchi, bali ni kutaja jina lililoandikwa kwenye chupa unayoitaka, kisha kusikiliza kwa makini neno ambalo muuzaji analitumia anapokujibu, kwa maana neno hilo ndilo la mahali pale, na kuanzia hapo unaweza kulitumia nawe.

Mgeni anayekuja kwetu naye ajiandae kwa maswali mawili. La kwanza ni "baridi au ya moto?", na asishtuke, kwani soda ya moto ni ile ambayo haikuwekwa kwenye friji tu, hakuna aliyeichemsha. La pili linahusu chupa, kwa sababu chupa ya kioo hurudishwa kiwandani: muuzaji atataka kujua kama unanywea pale pale, kama umekuja na chupa tupu ya kubadilisha, au kama utaacha fedha ya chupa. Tanzania, ukitaka kuondoka nayo bila mashaka hayo, agiza ile ya chupa ya plastiki, ambayo watu wengi huiita soda ya "take away".

Ukivuka kwenda Rwanda au Burundi ndipo unapohitaji uangalifu zaidi, maana huko "fanta" ni jina la soda zote. Ukiambiwa mezani kwamba kuna fanta, usidhani umeletewa aina moja pekee. Mwenyeji anakwambia kwamba kuna soda, na anasubiri useme ipi, hata kama unayoitaka ni Coca-Cola. Kwa hiyo anayetaka Fanta ya machungwa ataje jina zima, Fanta Orange, na anayetaka ile ya limau, inayopendwa sana Kigali na Bujumbura, aseme Fanta Citron. Nawasihi wasafiri wasiliite jambo hili kosa, kwa kuwa sisi wenyewe tunaita dawa yoyote ya viatu "kiwi" bila kuangalia kopo limeandikwa nini, na mwendo wa lugha ni ule ule: bidhaa iliyozoeleka hukopesha jina lake kwa jamaa zake wote.

Kongo, kuanzia Goma na Bukavu hadi Lubumbashi, neno utakalolisikia ni "sucré", lililochukuliwa katika Kifaransa na lenye maana ya kitu kilichotiwa sukari. Faida yake huonekana wageni wanapokaribishwa, kwa sababu hapo kinachoulizwa kwanza ni kama mtu anakunywa bia au sucré, na asiyekunywa pombe hujieleza kwa neno hilo moja bila kulazimika kutoa sababu. Baada ya hapo bado utaulizwa unataka ipi.

Katika nchi za Ghuba, hasa Saudia na Kuwait, wengi husema "bibsi" kwa soda kwa jumla, yaani Pepsi kwa matamshi ya Kiarabu, lugha isiyo na sauti ya p. Sababu mojawapo ni kwamba Coca-Cola ilisusiwa na Jumuiya ya Nchi za Kiarabu kuanzia mwaka 1968 hadi 1991, na katika miaka hiyo yote mpinzani wake akabaki na uwanja.

Uingereza ndiko neno letu linakopotosha zaidi. Ukiagiza "soda" katika baa ya London, huenda ukaletewa maji ya gesi yasiyo na sukari hata chembe, na ukiagiza "lemonade" utapewa kinywaji cheupe cha gesi kinachofanana na Sprite, wakati Marekani jina hilo hilo ni la maji ya limau yasiyo na gesi. Mpenzi wa Stoney awe macho Glasgow, ambako "ginger" ni jina la zamani la soda ya aina yoyote na si lazima iwe na tangawizi. Aombe "ginger beer".

Marekani kwenyewe majina hugawanyika kwa majimbo. New York na California wanasema "soda". Minneapolis na Columbus, miji yenye watu wengi waliotoka Afrika Mashariki, wanasema "pop", neno ambalo mshairi Mwingereza Robert Southey alilieleza katika barua ya mwaka 1812 kuwa linatokana na mlio wa kizibo kinapofunguliwa. Na Kusini, ambako Coca-Cola ilibuniwa Atlanta mwaka 1886, "coke" inaweza kuwa soda yoyote, hivyo ukiiagiza utaulizwa aina kama vile uko Kigali.

Mwenye kazi ngumu kuliko msafiri ni mwanakamati wa harusi inayokutanisha ndugu wa Bukoba, Kigali na Bukavu. Akiandika "fanta kreti kumi", mnunuzi wa Bukoba ataleta chupa 240 za Fanta tupu, kwa hesabu ya chupa 24 kila kreti, ilhali aliyeagiza alikusudia mchanganyiko. Katika orodha ya manunuzi kila aina na iandikwe kwa jina lake na idadi yake ya kreti, na penye haja ya jina la jumla, kama kwenye bajeti au kadi, atumie "vinywaji baridi", ambalo ndilo neno la maandishi rasmi hata kwa soda zitakazonywewa za moto.