"Although" na "but" hazikai sentensi moja

Kwa Kiswahili tumezoea kusema "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulienda shambani", na hakuna anayeshtuka. Ukiihamisha hivyo hivyo kwenye Kiingereza, "Although it rained, but we went to the farm", umekosea. Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja tu hapo: ama "Although it rained, we went to the farm", ama "It rained, but we went to the farm". Chagua kimoja, kingine futa. Ndivyo ilivyo pia kwa "because" na "so": ukianza na "Because I was sick", usilete "so" mbele yake. Hili la pili hata wenye vyeti vyao linawaponyoka.

Halafu koma. Unapounganisha sentensi mbili kamili kwa "and", "but", "or" au "so", iweke kabla ya kiunganishi. Wengi huandika "It rained but, we went", nadhani kwa sababu ndipo wanapovuta pumzi wakisoma. Upande wa pili ukikosa kiima chake, kama "I washed the plates and cooked rice", koma haihitajiki.